Onyesho la Saa Nane Mchana

Jumatano ya wiki ya tatu waliingia watu tisa, na wanne kati ya hao tisa walikuwa wameshaiona filamu ile. Lorna Hruska aliwahesabu kupitia kidirisha cha chumba cha projekta, akawahesabu tena kana kwamba wangeongezeka, kisha akashuka ngazi kwenda kumwambia mdogo wake azime mashine ya bisi.

"Nimeshaizima," Vernon akasema. Alikuwa ameegemea kaunta, anafuta kioo ambacho hakikuwa na alama hata ya kidole kimoja. "Familia ya Kucera imekuja na bisi zao kwenye mkoba. Nimejifanya sijaona."

"Wameshailipia filamu hiyo mara tatu. Waache wale wanachotaka."

Sinema ya Bluestem ilikuwa na skrini moja na viti mia na themanini na nane, katika mji wa Ansel Creek, Nebraska, wenye watu elfu moja na mia sita, ukihesabu na wale wa mashambani. Filamu yenyewe ilikuwa katuni ya dubu wanaoendesha treni. Ilipoanza kuonyeshwa mwisho wa Juni, mji mzima ulikuja. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili watu walisimama foleni hadi mbele ya duka la mbegu. Lorna angekuwa mgeni wa kazi hiyo, angecheka kwa furaha. Lakini alikuwa na miaka kumi na mmoja ndani yake, akajua foleni ile si yake.

Mgao ulikuwa hivi. Wiki ya kwanza, katika kila dola mia za mlangoni, sitini na nne zilikwenda California kwa kampuni yenye filamu. Wiki ya pili zilikwenda sitini. Ya tatu na ya nne, hamsini na tano. Kwa hiyo siku ambazo ukumbi unafurika zilikuwa siku za kampuni, na siku ambazo fungu la Lorna linanenepa zilikuwa siku za viti vitupu. Kilichomlipia umeme ni bisi na soda, ambavyo kampuni haikuvigusa. Watu wa Ansel Creek walidhani ana nyumba ya sinema. Yeye alijiona ana duka la bisi lenye giza.

Hayo alikuwa ameshayazoea, kama mtu anavyozoea jino linalouma akitafunia upande wa pili. Lililomkaa kooni ni sharti la wiki. Kampuni ilitaka wiki nne kamili, kila onyesho, na kusiwe na filamu nyingine yoyote kwenye skrini. Kule mji wa Grand Island, kwenye jumba lenye kumbi saba, filamu ikichosha wanaisukumia chumba kidogo cha mwisho, maisha yanaendelea. Lorna hakuwa na pa kuisukumia. Mji ulikuwa umewamaliza wale dubu kwa siku kumi, na bado zilibaki siku kumi na nane za kuwaonyesha kuta.

Alhamisi asubuhi, akiwa anafagia mbele ya mlango, alimwona Opal Jurgens anavuka barabara taratibu, mkoba umebanwa kifuani. Mume wake, Harlan, daktari wa mifugo, alikuwa amefariki Jumapili. Hakukuwa na zizi katika wilaya ile ambamo Harlan hakuwahi kuingiza mkono wake kumzalisha ng'ombe.

"Bi Opal, si ungenipigia simu tu nije mimi," Lorna akasema, akamshika kiwiko, akamkalisha kwenye kiti cha kukatia tiketi.

"Nimechoka kukaa ndani. Watu wananiletea vyakula hadi friji haifungi." Bi Opal akafungua mkoba, akatoa kisahani cha filamu ndani ya bahasha. "Unajua Harlan alikuwa na ile kamera yake."

"Nani asiyejua? Alinipiga picha nikianguka na baiskeli, akaendelea kupiga badala ya kuniinua."

Bi Opal alicheka kidogo. "Miaka arobaini, Lorna. Mjukuu wetu amezihamisha filamu zake zote humu. Mazishi ni Jumamosi saa nne, halafu watu watakula kanisani. Mchungaji anasema tuzionyeshe pale kanisani, chumba cha chini, lakini ile televisheni yao ni kama sinia. Harlan hajawahi kuziona zikiwa kubwa. Nimefikiri, labda hiyo saa nane mchana…"

"Zitaonyeshwa hapa," Lorna akasema.

Neno lilitoka kabla hajalipima. Bi Opal alipoondoka ndipo akakumbuka kwamba saa nane mchana Jumamosi ni onyesho la wale dubu.

Akampigia simu Gil Pankratz. Gil alikuwa wakala huko Omaha. Ndiye aliyezungumza na kampuni za filamu kwa niaba ya sinema ndogo ishirini na nane. Lorna alimjua kwa kikohozi chake kuliko kwa sura.

"Nataka onyesho moja tu, Gil. Jumamosi hii, saa nane. Usiku dubu watarudi kazini."

"Mama wee." Gil akakohoa. "Jumamosi iliyopita saa nane uliuza ngapi?"

"Sita."

"Ngoja niwasikie."

Alirudi baada ya saa mbili. Lorna alijua jibu kutokana na namna alivyovuta pumzi.

"Wamekataa."

"Umewaambia ni msiba?"

"Nimewaambia. Wanakupa pole."

"Tiketi sita kwa dola saba ni arobaini na mbili. Fungu lao ni dola ishirini na tatu na senti kumi. Waambie nitawalipa mimi. Nitawatumia leo."

"Nimeshawaambia hivyo kabla hujaniambia. Wanasema si suala la pesa."

"Gil, miaka kumi na mmoja unanipigia simu juu ya pesa. Leo ndiyo siku ambayo si suala la pesa?"

"Usinichome mimi, Lorna, mimi ni bomba tu, maji yanapita. Wanasema wakikuruhusu wewe, kesho mwingine ana harusi, keshokutwa mwingine ana mahafali. Mkataba unasema kila onyesho."

"Na nikinunua viti vyote? Mia na themanini na nane. Nivilipie mwenyewe."

Inaelekea Gil alikuwa akipiga hesabu. "Ukivinunua, filamu itakayokuwa kwenye skrini lazima iwe yao. Hata kama watu wote wamefumba macho."

Lorna akaweka simu chini polepole, kwa sababu mkono ulikuwa unataka kuitupa. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo alivyokuwa akiambiwa na baba yake, aliyelima ardhi ya watu maisha yake yote. Yeye alikuwa amempisha mwenye nguvu kwa miaka kumi na mmoja, na sasa alikuwa ameishiwa pa kusimama.

Vernon alikuwa amesikia yote. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeachishwa kazi kwenye maghala ya mahindi, na tangu hapo dada yake ndiye mwajiri wake. "Dada, mbona rahisi?" akasema. "Tuonyeshe za Harlan, halafu tukate tiketi sita za dubu. Tuzilipie. Wao wanapata chao, Bi Opal anapata chake. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Haya, zaidi ya wewe."

"Vern, nilifanya kazi posta miaka ishirini na miwili kabla ya hapa. Sijawahi kuandika barua ina uzito isio nao. Jumamosi tutaonyesha za Harlan, na ripoti itasema onyesho halikuwepo. Gil nitampigia nimwambie hivyo, na kampuni wakiuliza, nitawajibu. Nataka wajue nimefanya, na nimefanya nikijua."

Vernon akanyamaza, akarudi kwenye kioo chake. Lorna, aliyemjua mtu huyo tangu akiwa na nepi, alipaswa kuuogopa ule unyamavu.

Jumamosi joto lilikuwa la kukausha mate. Watu walitoka kanisani wakiwa na nguo zao za mazishi, tai zimelegezwa, vinywa vina harufu ya nyama ya nguruwe na saladi ya viazi. Waliingia Bluestem kwa vikundi, wanaongea chini kwa chini, hadi viti vikakaribia kuisha. Hakuna aliyekatiwa tiketi. Lakini walitaka bisi. Lorna hakulitarajia hilo. Aliona haya kidogo kuwauzia watu waliotoka makaburini, ila wao wenyewe walipanga foleni, na Vernon akawasha mashine na hakuizima tena.

Saa nane kasoro dakika chache alikuja mwanamke mmoja mgeni, wa miaka sabini hivi, sweta begani licha ya joto, akaomba tiketi moja ya katuni.

"Leo hatuuzi, mama," Vernon akamwambia. "Kuna msiba. Ingia tu, ni bure. Bisi zangu ndizo za kulipia."

Yule mama akasita, akatazama kundi la watu, akaingia. Akakaa safu ya nyuma, karibu na njia.

Picha za Harlan hazikuwa nzuri. Nyingi zilitikisika, na mara kwa mara kidole gumba chake kiliziba nusu ya skrini, na kila kilipotokea watu walicheka kwa upole. Lakini zilikuwa kubwa. Ndama alizaliwa kwenye theluji mbele ya watu mia na sabini. Mnara wa zamani wa maji ulianguka bila sauti. Wanaume ambao sasa walikuwa vipara na waliokuwa wamekaa pale pale kwenye viti walionekana wakikimbia na magunia miguuni kwenye maonyesho ya wilaya. Kila sura ilipopita, mtu alinong'ona jina gizani: Edna. Yule Milo. Mama yangu huyo. Bi Opal alikaa mbele, hakulia, alikuwa akitikisa kichwa tu kama mtu anayekubaliana na maneno anayoambiwa. Kulikuwa na kipande kimoja tu ambacho Harlan mwenyewe alionekana, mtu mwingine ameshika kamera. Alikuwa ananyoosha mkono aipokee, hana raha kabisa.

Watu walipokuwa wakitoka, yule mgeni alimsubiri Lorna kando ya mlango. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wewe ndiye mwenyewe hapa?"

"Ndimi."

"Naitwa Maxine Thole. Natoka wilaya ya jirani." Akafungua kiganja, ndani yake mlikuwa na kidude cha chuma cha kubonyeza, chenye namba. Kilikuwa kinaonyesha mia na sabini na moja. "Mimi nahesabu watu. Kampuni za filamu zinatulipa tuingie kimya kimya tuhesabu, wakalinganishe na ripoti zenu. Dola thelathini na tano kwa onyesho, na mafuta ya gari."

Lorna alikuwa amesikia habari zao miaka mingi. Hakuwahi kumwona hata mmoja, au alikuwa amewaona wote bila kujua. "Hujakosea hesabu," akasema. "Nami nilipata hiyo hiyo."

"Mume wangu naye alifuga ng'ombe. Daktari wetu alikuwa kama huyu wenu." "Sipendi hili, dada yangu. Lakini nikiandika kwamba sikuja, watajua, maana risiti ya mafuta nimeshawatumia. Na nikiandika uongo, kazi inakwisha, na hiyo pensheni yangu peke yake…"

"Andika ulichokiona."

"Una hakika?"

"Andika hivyo hivyo. Na mimi ripoti yangu itasema hivyo hivyo."

Wakapeana mikono. Usiku ule dubu waliendesha treni yao mbele ya watu saba, na Lorna alilala vizuri, kwa mara ya kwanza wiki ile.

Jumatatu Gil alipiga simu kabla ya saa tatu asubuhi, na hakukohoa.

"Lorna, kwa nini umeandika sita?"

"Sita nini?"

"Jumamosi saa nane. Mhesabu wao anasema filamu yao haikuonyeshwa kabisa. Ripoti yako inasema ilionyeshwa, watu sita. Si ulisema utaandika halikuwepo? Mimi nilishajiandaa kukutetea. Ningewaambia huyu mwanamke mkaidi lakini mkweli. Sasa niwaambie nini?"

Mashine ya tiketi ilikuwa inatuma hesabu yenyewe kila siku. Kilichoingizwa ndani yake kilikuwa kimeshafika California kabla ya mtu kuamka. Lorna akaiwasha, akatazama. Tiketi sita, saa nane na dakika tano. Kwenye droo, chini ya kishikio, palikuwa na noti mbili za dola ishirini na noti moja ya dola mbili, aina ambayo Vernon alikuwa anaikusanya tangu utotoni.

Alimkuta nyuma, anapakua makatoni ya vikombe.

"Nilikwambia usifanye."

Vernon hakuuliza nini. "Nililipa mwenyewe. Wao hawakupungukiwa hata senti. Nilifikiri ikiwa wataangalia wataona sita, kama wiki iliyopita, basi. Nilitaka wakuache."

"Wangenipa onyo, Vern. Onyo. Kosa langu lilikuwa dogo na lilikuwa langu. Sasa umenifanya mwizi wa kitu ambacho tumekilipia."

"Dada—"

"Nenda nyumbani."

Alikwenda, akiacha katoni moja wazi katikati ya njia. Lorna aliipiga teke, vikombe vikatawanyika hadi chini ya ngazi, kisha ikabidi aviokote kimoja kimoja kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuviokota.

Siku iliyofuata alizungumza na kampuni mwenyewe, bila Gil. Aliyepokea alikuwa Bwana Trask, msimamizi wa mauzo ya majimbo ya kati, mtu wa sauti laini, mwenye adabu. Lorna alikuwa amejiandaa kugombana na mtu mkali, na adabu ile ilimnyima hata hilo.

"Bi Hruska, kuhusu onyesho, nakuelewa. Mimi mwenyewe nimezaliwa mji mdogo. Tungekuandikia barua, yangeisha. Lakini idadi isiyo ya kweli ni jambo lingine. Kama sita si ya kweli, nitajuaje kwamba mia na themanini za onyesho la Ijumaa ya kwanza hazikuwa mia tatu?"

"Kwa sababu nina viti mia na themanini na nane."

"Unanielewa ninachosema."

Alimwelewa, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Angekuwa yeye posta, akakuta barua moja imepimwa uongo, angelipima upya gunia zima.

"Nani aliingiza zile tiketi?" Bwana Trask akauliza.

Lorna alitazama kaunta. Kioo kilikuwa kimeanza kupata vumbi. "Sinema ni yangu," akasema. "Andika jina langu."

Wakamtumia mkaguzi. Alikaa siku mbili katika ofisi ndogo iliyonuka siagi, akapitia miaka miwili ya ripoti, na alichokipata ni kwamba Lorna alikuwa ameilipa kampuni dola kumi na saba zaidi, kwa kosa la kujumlisha la mwezi wa Machi. Alilisema hilo bila kucheka. Hata hivyo adhabu ilibaki: hadi mwaka mpya hakuna filamu ya kampuni ile siku ya kwanza kuonyeshwa, na kila itakayokuja, ilipiwe kwanza.

Vernon alirudi baada ya siku tisa. Hakuomba msamaha kwa maneno. Aliingia na ndoo na tambara, akaanza na kioo. Lorna alimwacha hadi alipomaliza.

"Bi Opal amesikia," Vernon akasema. "Analia, anasema ni kosa lake. Anataka kuwaandikia barua."

"Usimruhusu. Watampa pole."

Filamu kubwa ya sikukuu, ile ambayo kila sinema ndogo inaitegemea kuvuka baridi, ilifika Bluestem wiki ya tano tangu ianze kuonyeshwa kwingine. Wakati huo watu wa Ansel Creek walikuwa wameshaendesha gari maili arobaini na tano hadi Grand Island, wakaiona, wakarudi na mifuko ya maduka ya huko. Lorna hakuweza kuwalaumu, watoto hawasubiri wiki tano. Waliingia watu sitini na wanne kwa siku kumi na nne. Januari alizima joto la ukumbi siku za katikati ya wiki, akaonyesha Ijumaa hadi Jumapili tu, na baadhi ya Jumapili alikuwa akivaa koti lake la shamba kwenye kibanda cha tiketi.

Mwezi wa Aprili Gil akapiga tena. Adhabu imekwisha, kampuni ina filamu mpya ya kiangazi, na wako tayari kumpa siku ya kwanza.

"Masharti?"

"Sitini na nne. Wiki nne."

"Waambie wiki mbili. Na sitini."

"Lorna."

"Waambie tu, Gil. Kwangu mji unaisha siku ya kumi. Wanazo ripoti zangu za miaka kumi na mmoja na za mkaguzi wao mwenyewe, zote zinasema siku ya kumi."

Gil alikwenda, akarudi, akaenda tena. Ilichukua siku tano. Mwishowe aliongea kama mtu aliyebeba kitu kizito ngazi tatu. "Wiki tatu. Sitini na nne hawagusi. Ila wamekubali Jumatatu na Jumanne za wiki ya tatu ziwe zako, ufanye unachotaka."

"Jumatatu na Jumanne," Lorna akarudia.

"Hakuna sinema yangu nyingine iliyowahi kupewa hata hizo. Nakuapia."

Alitaka kucheka, akashindwa. Jumatatu na Jumanne, siku ambazo hata mbwa wa Ansel Creek hawatoki nje. Aliusoma mkataba wote, kurasa kumi na mbili, akimwonyesha Vernon kwa kidole kila mstari uliosema "kila onyesho" hadi naye akausoma kwa sauti. Kisha akachukua kalamu, akatia sahihi, akaupeleka posta mwenyewe kwa miguu, akasimama kwenye foleni nyuma ya watu wawili.